Upanga uliokatwa kwenye bamba usiuzwe kwa jina la uliofuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua ili nimjibu msomaji aliyelalamika hivi karibuni kwamba upanga alioununua mjini Arusha, wenye nakshi ya kupendeza kwenye bapa na ala ya ngozi nyekundu, ulipinda kama kijiko cha bati siku ya kwanza alipoutumia kupunguzia matawi ya ua wake. Sina neno na malalamiko yake, kwa kuwa mtu aliyetoa fedha yake ana haki ya kupata kile alichoahidiwa. Ninachokikataa ni pale alipomalizia kwa kusema kwamba wahunzi wa Kilimanjaro wamegeuka kuwa wauza mapambo. Kwa namna alivyoueleza upanga huo, nina hakika haukupita kwenye moto wa mhunzi yeyote. Ulikatwa kutoka kwenye bamba la chuma laini, ukatolewa makali kwa grenda, ukachorwa kwa mashine ndogo, kisha ukabandikwa karatasi inayosema kwamba ni kazi ya mkono ya mafundi wa jadi.

Naandika kama mtu anayekula kwa kazi hii. Karakana yangu iko Mamba, Moshi Vijijini, ambako uhunzi umekuwa kazi ya ukoo tangu enzi za mangi, yaani watawala wa Wachagga, na aliyenifundisha ni mjomba wangu. Zamani chuma cha wahunzi wa mlimani kilipandishwa kutoka Ugweno, Upare Kaskazini, ambako ukoo wa Washana uliyeyusha mchanga mweusi wa mitoni na kupata heshima kubwa kiasi cha kuitawala nchi ile, mpaka walipopinduliwa na ukoo wa Wasuya. Siku hizi chuma chetu kinatoka chini ya malori. Pleti ya springi ya lori ni pua, yaani feleji, yenye kaboni ya takriban asilimia 0.6, na kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu kinapopozwa ghafla kikiwa chekundu. Bamba la kutengenezea mageti kwa kawaida halifiki hata asilimia 0.25. Ulipashe moto utakavyo na ulizamishe popote upendapo, halitashika ugumu wa kubeba makali. Udanganyifu unaanzia hapo, kwenye uchaguzi wa chuma, kabla hata nakshi haijafikiriwa.

Kwa upanga wa sehemu zetu, ule ambao Wamasai huuita olalem na Waswahili sime, nakata kipande cha springi chenye urefu wa sentimita 40 na unene wa milimita 8. Nikimaliza kukifua kinakuwa na sentimita 60 bila kuongezwa chochote, kwa sababu nyundo inakisukuma chuma kirefuke. Sime ni nyembamba karibu na mpini, inapanuka kuelekea mbele, kisha inachongoka, na katikati ya bapa kuna mgongo unaokimbia mpaka nchani. Mgongo huo haupatikani kwa kusaga. Unapatikana kwa kupiga upande mmoja na upande wa pili kwa uzito uleule, huku katikati pakiachwa pajiinue penyewe, na mkono ukikosea uzito kwa mapigo matatu tu, mgongo unahama na upanga mzima unaanza kutazama kando. Chuma kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva kinakubali nyundo. Kikianza kurusha cheche zake chenyewe kimeungua, na sehemu hiyo inakatwa ikatupwa. Kikirudi kwenye wekundu wa giza ni lazima kirudishwe motoni, maana kukipiga hapo ni kukitia nyufa ambazo jicho halizioni.

Msuka, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, naufua mwishoni kabisa. Nina sababu ya kuutaja msuka, na nitaurudia.

Baada ya kufua, upanga haupelekwi kwenye nakshi siku hiyo. Unapashwa moto mara tatu na kuachwa upoe hewani ili chuma kitulie, kisha mara ya nne unapashwa mpaka uwe mwekundu na kuzikwa ndani ya majivu makavu usiku kucha. Asubuhi unautoa ukiwa bado una uvuguvugu, na umekuwa laini kiasi kwamba tupa inauma bila kelele. Hapo ndipo bapa linaposafishwa kwa tupa na msasa mpaka liwe jeupe, linapakwa chaki, na mchoro unakwaruzwa juu yake kwa sindano ya chuma. Mimi huchora jani la isale. Wasomaji wa Moshi hawahitaji kuelezwa maana yake, lakini kwa wengine niseme kwamba isale ni mmea ambao Mchagga huupeleka kwa mtu aliyemkosea anapokwenda kuomba radhi, na tangu zamani umepandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Jani lake ni refu na jembamba kama upanga wenyewe, hivyo linakaa kwenye bapa kana kwamba liliumbiwa mahali hapo. Wapo wanaoshangaa kuona alama ya amani juu ya silaha. Mjomba aliniambia kwamba ndipo mahali inapohitajika, nami sijapata jibu bora kuliko hilo.

Kazi ya tindo ndiyo ambayo watu wengi hawajawahi kuiona kwa karibu, kwa hiyo naomba uvumilivu wa wasomaji niieleze. Upanga unalazwa juu ya gogo lililopakwa mchanganyiko wa lami, vumbi la tofali na mafuta ya ng'ombe. Mchanganyiko huo ukiwa wa moto unalikumbatia bapa, na ukipoa unalishika lisicheze, lakini bado unanepa kidogo chini ya pigo, tofauti na jiliwa linalobana chuma na kulirudisha pigo mkononi. Tindo zangu ni 11, zote nimezitengeneza kutokana na tupa kuukuu: nyingine zina ncha ya pembe, nyingine ncha ya duara, na mbili ni bapa kwa ajili ya kusafishia uwanja wa nakshi. Nyundo ina uzito wa gramu 100 tu. Tindo inashikwa kwa kidole gumba na vidole viwili, na kidole cha mwisho kinaegemea juu ya bapa ili mkono ujue umbali wake. Ikilazwa mno inateleza na kuacha mkwaruzo katika mahali palipokuwa safi, na ikisimamishwa mno inazama, inakwama, na ncha inakatika. Kati ya hali hizo mbili kuna mwinamo mmoja ambao ukiupata, unywele wa chuma unaanza kujikunja mbele ya tindo, unang'aa, na unarefuka kwa kila pigo dogo mpaka unapofika mwisho wa mstari na kuuondoa kwa kuinua kiwiko. Sauti nayo inakuongoza, kwa kuwa tindo inayokata vizuri inatoa mlio mfupi na mkavu, na inayoanza kupoteza makali inavuta mlio huo hata kabla jicho halijaona tofauti.

Jani moja la isale lenye mishipa yake yote linanichukua siku sita upande mmoja wa bapa. Kufua upanga mzima kunanichukua siku mbili.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza kwamba nakshi na moto haviwezi kutenganishwa. Katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza nilichonga jani lililonipendeza kuliko yote niliyokuwa nimewahi kufanya. Mishipa niliikata kwa tindo ya ncha kali sana, na kila mfuo ukaishia chini kwa pembe nyembamba kama ukingo wa wembe. Mjomba alikuwa amekwenda msibani. Badala ya kumsubiri, niliupasha upanga moto na kuuzamisha kwenye ndoo ya maji, ingawa alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba pua ya springi inazamishwa kwenye mafuta. Nilisikia mlio mdogo, "ti!", kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni. Aliporudi jioni nilimwamkia nikampa upanga. Hakuitazama nakshi kwanza. Alipitisha ukucha wake polepole kwenye mshipa wa tatu kutoka nchani, akasimama mahali fulani, akaniambia, "Mpwa wangu, weka ukucha wako hapa." Ufa ulikuwa umeanzia chini kabisa ya mfuo wangu na kwenda mpaka kwenye makali. Chuma kinapopozwa ghafla kinavutana chenyewe kwa nguvu kubwa, na nguvu hiyo hukusanyika kwenye kila pembe kali inayoikuta. Maji yalipoza haraka mno, na mimi nilikuwa nimeuandalia ufa njia ya kupita kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku hiyo mifuo yangu naimalizia kwa tindo ya duara ili chini pasibaki pembe, na upanga ule ungali unaning'inia juu ya mlango wa karakana.

Ndiyo maana mtu anayechonga nakshi kwenye upanga lazima awe anaujua moto, na siamini kwamba nakshi ni kazi ya kupamba inayoweza kupewa mtu yeyote mwenye mkono mwepesi. Kabla ya kuzamisha, naupaka upanga uji wa udongo wa mfinyanzi na vumbi la mkaa ili nakshi isiliwe na magamba ya moto. Nauwekea mkaa, napuliza taratibu, nafunga madirisha ili niione rangi, na nina kipande cha sumaku kutoka kwenye spika ya redio mbovu, nimekifunga kwa waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi sumaku inakiachia, haikivuti tena. Naongeza moto kidogo kupita hapo, kisha upanga unashuka wima kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa uvuguvugu. Ukitoka hapo ni mgumu lakini ni mwepesi kuvunjika kama kioo, hivyo unasafishwa kidogo na kulazwa kwenye sinia la mchanga wa moto. Rangi zinapita juu ya bapa moja baada ya nyingine, kwanza ya nyasi kavu, kisha ya zambarau, kisha buluu. Kwa tindo ningesimama kwenye nyasi kavu. Kwa upanga nasubiri buluu itulie kote, kwa sababu upanga unatakiwa kukubali kupinda na kurudi.

Niongeze jambo moja ili nisionekane nasema kwamba njia yetu ndiyo pekee duniani. Wajapani, ambao nakshi zao za kwenye bapa huitwa horimono, kwa kawaida huchonga baada ya upanga kuwa umekwisha kuzamishwa. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu upanga wao hupakwa udongo mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali kabla ya kuingia motoni, hivyo makali peke yake ndiyo yanayokuwa magumu na mwili wa bapa unabaki laini wa kukubali tindo. Springi yetu ikizamishwa inakuwa ngumu kote, na tindo ingeteleza juu yake. Lakini ninachowaonea wivu zaidi ni sheria yao. Huko mhunzi wa panga anakaa kwa mwalimu mwenye leseni miaka kadhaa kabla ya kufanya mtihani, na hata akishapata leseni haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi. Siombi sheria kama hiyo hapa. Naitaja ili mnunuzi afahamu kwamba duka lenye panga 40 za "kazi ya mkono" zinazofanana kama mayai lina jambo la kueleza.

Msomaji aliyelalamika angeweza kujikinga kama angejua mahali pa kutazama, na hapa naomba awe makini. Mfuo uliokatwa kwa tindo hauna upana mmoja. Unaanza mwembamba, unapanuka mahali pigo lilipoongezeka, na ukiugeuza kwenye mwanga utaona hatua ndogo ndogo ndani yake, kila hatua ikiwa ni pigo moja la nyundo. Kuta zake zinang'aa, na chini kabisa pamebaki weusi kidogo wa moto ambao msasa haukufika. Mfuo wa mashine una kina kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi una mitetemo midogo kwenye kona. Uliochorwa kwa asidi ya betri hauna hatua wala mng'ao. Chini yake ni pabapa na pana ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha tazama unene. Upanga uliofuliwa ni mnene karibu na mpini na unapungua kuelekea nchani, kwa hiyo ukiushika unahisi uzito umekaa karibu na kiganja. Uliokatwa kwenye bamba una unene mmoja kote, na ncha yake inavuta mkono chini. Mwisho, mwombe muuzaji ruhusa ya kuukunja kidogo tu. Wa springi utarudi ulivyokuwa.

Nilisema nitarudi kwenye msuka. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikipeleka panga zangu kwenye duka moja mjini Arusha, ambalo sitalitaja. Kila upanga niliugonga alama yangu kwenye msuka, nikaacha kidirisha kidogo kwenye mpini ili alama ionekane. Siku moja nilikwenda kudai malipo nikakuta panga zangu tatu zimelazwa katikati ya panga za bamba, zote zikiwa na karatasi moja na bei moja, na kwenye mipini yangu vidirisha vimezibwa kwa nta nyeusi. Nilipouliza, mwenye duka alinijibu kwa upole kabisa, "Fundi, mgeni anaangalia maua, haulizi moto." Kisha akaniomba nishushe bei ifikie shilingi 35,000 kama ya wenzangu. Kwa bei hiyo siku zangu sita za tindo kila upande, siku mbili za kufua, mkaa, mafuta na chuma zingelipwa kidogo kuliko kibarua wa kubeba matofali. Nilizichukua panga zangu zote nikaondoka nazo kwenye basi la Moshi, zikiwa zimefungwa kwenye gunia. Kijana niliyekuwa namfundisha aliniona nikirudi nazo. Baada ya mwezi mmoja aliaga, na sasa anachomelea mageti mjini. Simlaumu hata kidogo, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuijua tindo, na mkono kama huo haupatikani kila mwaka.

Ombi langu kwa wenye maduka ya Arusha na Moshi ni dogo. Sipingi panga za bamba. Wapo wanaozitaka kwa ngoma, kwa maigizo ya shule, au kwa kutundika ukutani, na mtu anayezitengeneza naye ana watoto wa kulisha. Naomba karatasi ya bei iseme upanga umefuliwa au umekatwa, umetokana na chuma gani, na nakshi imechongwa kwa tindo, kwa mashine au kwa asidi. Maneno hayo yanaenea kwenye karatasi ndogo kuliko tiketi ya basi. Kwa waongoza watalii naomba waache kuwaambia wageni kwamba kila kilicho ndani ya ala nyekundu kimetoka kwa mhunzi, na wakati huohuo wawakumbushe kuweka upanga kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, kwani nimesikia zaidi ya mara moja habari za panga nzuri kunyang'anywa kwenye ukaguzi kwa sababu tu mgeni aliuweka wake kwenye begi la mkononi. Na kwa wazazi wenye vijana wanaopenda chuma, karakana yangu inapokea wanafunzi wawili, bila ada, mradi wakubali kuanza kwa kupuliza moto na kutengeneza tindo zao wenyewe.

Msomaji aliyelalamika namkaribisha Mamba siku yoyote isipokuwa Jumapili, aje na upanga wake uliopinda. Nitaupasha moto mbele yake mpaka sumaku iuachie, nitauzamisha kwenye mafuta, kisha yeye mwenyewe ashike tupa na aipitishe kwenye makali. Kwenye pua ya springi iliyotoka kuzamishwa, tupa inateleza na kulia kama iliyopitishwa kwenye chupa. Ikiuma kama inavyouma msumari, atakuwa amejua alichouziwa, na kabla hajaondoka nitampa koleo aushike upanga wa pili, wa springi, unapoingia motoni.

Wako,
Mhunzi wa Mamba,
Moshi